Mkate Laini wa Mama Faustina

Jumapili, 24 Novemba

Mvua imeanza kweli sasa, si manyunyu tena. Basi la Mafinga halijafika tangu juzi.

Naandika kwenye daftari la mwanangu Benedicta la mwaka jana, kurasa alizobakiza, kwa sababu jambo lenyewe siwezi kumwambia mtu yeyote wa hapa kijijini. Padri naye anaijua sauti yangu.

Alhamisi niliongea na mdogo wangu Minza kwa simu. Yeye yuko nyumbani Igawa, mimi niko huku juu, njia ya Mgololo. Nilikuwa nimefua shuka za mama mkwe wangu, Mama Faustina, kwa mara ya pili siku hiyo, na za jana yake bado zilikuwa mbichi kwa ajili ya ukungu. Minza akauliza, "Dada, mgonjwa anaendeleaje?"

Nikamwambia, "Ananuka, Minza. Namwogesha, nafua, bado ananuka. Mungu angemchukua tu tupumzike."

Nilisema kwa Kiswahili. Minza na mimi tungeweza kuongea Kisukuma chetu, hapa hakuna anayekisikia. Lakini nimekaa huku miaka kumi na moja, na ulimi umezoea. Nyumba yetu haina dari. Mtu akikohoa chumbani, jikoni unasikia. Mama Faustina alikuwa amelala, au nilidhani amelala.

Kiharusi kilimpata Agosti. Mkono na mguu wa kulia havifanyi kazi, na maneno yanatoka polepole. Masikio hayakuguswa.

Jumatatu, 25 Novemba

Mama hakumaliza ugali. Mvua kutwa nzima.

Alhamisi, 28 Novemba

Vijiko vitatu tu. Nimemuuliza chakula kina nini. "Hakina kitu, Mama Beni. Sina njaa." Amenijibu kwa upole wake uleule. Namwangalia usoni kama mwalimu anayetafuta nani kaiba chaki, sioni kitu. Labda hakusikia.

Jumamosi, 30 Novemba

Mume wangu Anord amerudi kutoka kiwandani. Hufanya kazi Mgololo kwenye karatasi, analala kule, Jumamosi anakuja. Alipomwona mama yake alisimama mlangoni kidogo kabla ya kuvua koti.

"Mama, unataka kula nini? Sema chochote."

Mama alifikiri sana. Nadhani alitafuta jibu la kumridhisha mtoto wake. Akasema, "Mkate mweupe. Ule laini."

Anord akafurahi kama aliyepewa dawa. Mkate wa dukani hapa unakuja na basi, na basi likikwama matopeni unafika mgumu au una madoa ya kijani. Akanigeukia, "Yunisi atakuokea hapahapa."

Mimi sijawahi kuoka mkate. Kwetu Igawa ni wali na ugali, na maandazi siku ya sikukuu. Lakini nilisema ndiyo haraka sana, mpaka Anord akacheka.

Jumapili, 1 Desemba

Unga wa ngano, hamira, sukari, chumvi, maji ya uvuguvugu. Sufuria ndani ya sufuria, mkaa chini, mkaa juu ya mfuniko, kama alivyoonyesha mama mmoja kwenye simu ya jirani. Umetoka jiwe. Benedicta aliugonga na kijiko, ukalia.

Jumanne, 3 Desemba

Wa pili. Donge halikuumuka kwa baridi hii. Chini umeungua, katikati mbichi. Mama alimung'unya kipande kidogo akaniambia asante. Afadhali angeutema.

Ijumaa, 6 Desemba

Leo nilikuwa nakanda jikoni, nikasikia anaita kutoka chumbani, "Mama Beni! Unakanda kama unayeogopa kuliumiza."

Nikaenda nikasimama mlangoni, mikono imejaa unga. Akasema nilete ubao nikandie pale, aone. Kumbe akiwa msichana alifanya kazi jikoni kwa masista wa misheni, miaka sita, na mkate wa wagonjwa aliuoka yeye. Miaka kumi na moja niko katika familia hii, sikuwahi kulijua hilo. Sikuwahi kuuliza.

"Kwanza unapika uji," akasema. "Unga wa ngano kidogo, maziwa, koroga mpaka uwe mzito. Uache upoe. Ndiyo uchanganye na unga wako mkavu. Huo uji ndio unaoshika maji, mkate unakaa laini siku tatu."

"Na baridi hii, Mama?"

"Lifunike blanketi, uliweke karibu na mafiga. Ni kama mtoto mchanga."

Nikakanda mbele yake. Kila nikipumzika anasema "bado." Mwisho akanyoosha mkono wake wa kushoto, akalibonyeza donge kwa kidole, likarudi juu. "Sasa," akasema.

Umetoka mkate. Umeinama upande mmoja lakini ni mkate. Alikula kipande kimoja chembamba. Vilivyobaki akamwita Benedicta avile. Maji hakugusa.

Kwa nini ananifundisha? Kama alisikia, asingenifundisha. Nimeshikilia hilo.

Jumanne, 10 Desemba

Hakusikia, hakusikia. Nilikuwa nikijiambia hivyo mpaka leo saa kumi.

Nilikuwa namsuka Benedicta barazani. Akaniuliza, "Mama, eti Bibi ananuka?"

Mikono yangu ikasimama kichwani mwake. "Nani kasema?"

"Bibi mwenyewe aliniuliza. Alisema nisogee nimnuse hapa shingoni, nimwambie ukweli, hatakasirika."

"Lini?"

"Siku nyingi. Kabla ya ule mkate wa jiwe."

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia ananukia sabuni."

Nikaendelea kusuka. Nilisuka vibaya, nikafumua, nikasuka tena. Mtoto akalalamika kwamba namvuta.

Mwanamke wa miaka sabini na mbili, aliyezaa watoto watano na kuzika wawili, amemwomba mtoto wa miaka minane amnuse shingo. Kwa ajili ya mdomo wangu.

Nilikwenda mlangoni kwake mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa ameshika rozari, nikasema sitaki kumkatiza. Mara ya pili nikachukua beseni kana kwamba hilo ndilo lililonileta.

Na niandike yote, maana hapa hakuna anayesoma. Jioni liliniingia wazo jingine: anafanya makusudi. Anataka akonde mikononi mwangu, watu waje msibani waseme yule Msukuma alimuua mama mkwe kwa njaa. Nilimkasirikia. Nilimkasirikia mtu niliyemkosea, na kwa muda mfupi hasira ile ilinipa nafuu.

Jumamosi, 14 Desemba

Anord yuko nyumbani. Nilipanga kumwambia baada ya chai. Baada ya chai nikapanga baada ya kulisha kuku. Amesema, "Mke wangu, najua unavyohangaika na Mama. Mungu akulipe." Sikumwambia.

Jumatano, 18 Desemba

Mkate wa saba. Mzuri. Amekula nusu kipande.

Jumamosi, 21 Desemba

Wifi Frida alifika mchana kutoka Mbalizi, na gunia la mchele na viatu vya Benedicta. Yeye ni dada mkubwa wa Anord, anauza nafaka sokoni, sauti yake ni ya sokoni hata akiwa kanisani. Aliingia kwa mama yake akisalimia "Kamwene, Mama!" kisha kimya. Frida kunyamaza si jambo la kawaida.

Tulikaa chumbani kwa mgonjwa, yeye, Anord na mimi. Hakusubiri hata chai.

"Wifi, Agosti nilikuachia mtu. Huyu ni mifupa. Anakula nini hapa?"

Anord akasema, "Dada, Yunisi anamwokea mpaka mkate."

"Sijakuuliza wewe, wewe unakuja Jumamosi. Namuuliza anayeshinda naye. Wifi, umemfanya nini mama yangu?"

Swali lilikuwa la haki kabisa. Nilifungua mdomo. Nadhani ningesema, kweli nadhani ningesema, ila Mama alitangulia.

"Frida, punguza sauti. Ni fizi. Hizi za chini zinaniuma tangu mwezi wa kumi na moja, siwezi kutafuna. Huyu ananilisha mpaka namfukuza. Ananiogesha kama mtoto wake. Usimseme."

Alizungumza polepole, kwa jinsi ulimi wake ulivyo sasa, na kila neno alilivuta kutoka mbali. Uongo wote ule ulimchosha mpaka akafumba macho.

Frida akaniangalia. Halafu akafanya kitu ambacho sikutegemea kwake. Alipiga magoti sakafuni, mtu mzima, mkubwa kwangu, akanishika mikono yangu iliyopasuka kwa kufua.

"Wifi, nisamehe. Nilikuwaza vibaya. Nilikuwa nasema moyoni huyu si damu yetu. Nisamehe."

Nikasema, "Yamekwisha, wifi."

Hayo ndiyo maneno niliyosema. Nilimwinua, tukakumbatiana, Anord akajifuta macho. Mama kitandani alikuwa amefungua macho ananitazama, wala hakuwa ananilaumu. Alikuwa anaangalia kama nimepona.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Wali, kuku, jirani alileta pombe ya ulanzi. Nilicheka pale walipocheka.

Ijumaa, 3 Januari

Frida ameondoka tangu tarehe ishirini na nane, Anord yuko kazini, na barabara imekatika kwa chini huko. Asubuhi Mama hakuweza kuinua kichwa. Midomo imepasuka, ngozi ya mkono ukiivuta inabaki imesimama.

Jirani yetu Rabson alitoa pikipiki. Rabson aliendesha, Mama tulimkalisha nyuma yangu, nikamfunga kwangu kwa vitenge viwili, kifua chake mgongoni mwangu, tukaenda zahanati kwenye tope lile. Hakuwa na uzito. Nilimbeba Benedicta mgongoni akiwa na mwaka mmoja, alikuwa mzito kuliko vile. Njiani nilihisi pumzi yake shingoni kwangu, na nilichowaza ni kwamba sasa yeye ndiye anayeninusa mimi.

Nesi Lusekelo alimwekea dripu mbili. Akaniita pembeni. "Mama, huyu hanywi maji. Mkojo wake rangi ya chai. Mkiendelea hivi figo zitagoma. Mnampa maji?"

"Nampa. Anakataa."

Lusekelo akarudi kitandani, akainama. "Bibi, maji yana nini?"

Mama akajibu, "Maji yakiingia yanatoka."

Lusekelo akacheka kidogo, akadhani ni utani wa wazee. Mimi nilitoka nje nikasimama chini ya bati la zahanati. Nilikuwa nimeelewa. Mwezi mzima nilidhani ananigomea. Nilidhani ni hasira, ni kiburi, ni kisasi. Alikuwa anajizuia ili asilowanishe shuka.

Jumamosi, 4 Januari

Tumerudi jana jioni. Leo asubuhi, Anord hajafika bado, nilipeleka maji ya moto, nikafunga mlango, nikamtuma Benedicta kwa jirani. Nilianza kumwogesha, nikafika mgongoni. Nilitaka nisimwone usoni.

"Mama, ile Alhamisi, kwenye simu na mdogo wangu."

"Nilisikia."

"Ulisikia yote?"

"Nyumba haina dari, mwanangu."

Nikashindwa kuendelea na kitambaa. Akasema nisiache, maji yatapoa.

"Kwa nini hukunisema, Mama? Ungenisema. Ungemwambia Anord."

"Ningewaambia nini? Kwamba nanuka? Nilimuuliza mtoto, mtoto akanionea huruma." Akapumzika. "Nilikuona na shuka zile. Nne kwa siku, mvua inanyesha, mikono inatoka damu. Nikasema nisipokunywa zitakuwa mbili. Nisipokula, labda moja."

"Nilidhani umenikasirikia."

"Nilikasirika. Nililia pia, wewe ulikuwa kisimani. Ikaisha."

"Ulitaka kufa?"

"Kufa?" Kama aliyeulizwa jambo la ajabu. "Hapana. Nilitaka kukauka tu."

Nililia mbele ya mgongo wake ulio wazi, nikaufunika kwa kitenge ili asipate baridi, nikapiga magoti upande ule anaoweza kugeukia. Nikamwomba msamaha kwa maneno yote niliyo nayo, na kwa Kisukuma pia yaliponiishia. Akaniwekea mkono wa kushoto kichwani.

"Nimekusamehe. Sasa nipe hayo maji ya kunywa, na usilie ndani ya beseni."

Alikunywa kikombe kizima. Saa mbili baadaye nilifua shuka. Nilizifua kwa bidii ya kichaa.

Jumamosi, 11 Januari

Mkate umefikia pale Mama alipotaka. Anausifu kwa kusema hauna makosa mengi. Vipande viwili asubuhi na maziwa, kimoja jioni.

Jumatatu, 20 Januari

Mvua. Vipande viwili. Kila akiamka niko pale na kikombe. Ananiambia nikapumzike, siwezi.

Jumamosi, 1 Februari

Nimemwambia Anord. Alikuwa anakula mkate. Nilimwambia neno kwa neno, na lile la kunuka, na lile la Mungu amchukue, na mtoto kumnusa bibi yake, na Frida kupiga magoti. Alikirudisha kipande sahanini taratibu. Akatoka nje, akachukua jembe akazibua mfereji ambao haukuwa umeziba, mvua inamnyeshea.

Jumapili, 2 Februari

Ameondoka asubuhi badala ya jioni. Aliagana na mama yake na mtoto.

Alhamisi, 6 Februari

Anapiga kila siku saa saba. "Mama kala?" "Kala." Anakata.

Jumamosi, 15 Februari

Wiki iliyopita hakuja. Leo amekuja na mabati manne na misumari. Kutwa nzima amejenga kibanda nyuma ya nyumba, karibu na bomba la moshi wa jikoni, na kamba za kuanikia ndani yake. Nilimshikia nguzo. Nilipompa chai alipokea kwa mikono miwili, kama mgeni.

Shuka zimekauka kwa siku moja.

Jumamosi, 8 Machi

Frida amekuja, barabara inapitika. Amemkuta mama yake amekaa kwenye kiti, mashavu yamerudi. Akapiga vigelegele mlangoni. Ananishika bega, anamwambia jirani, "Huyu wifi yangu ni malaika." Nikamwomba tukae jikoni.

Nilimwambia. Sikulia, nilijikataza. Kulia kungekuwa kumwomba anionee huruma.

Frida alikuwa ameshika mwiko. Akauweka chini. Kwa mara ya kwanza nikamsikia akiongea kwa sauti ndogo.

"Kwa hiyo siku ile nimepiga magoti, ulijua?"

"Nilijua."

"Ukasema yamekwisha."

"Ndiyo, wifi."

"Basi ile samahani niliyokuomba, nirudishie."

Nikamwambia nimeirudisha. Akaenda kwa mama yake, na akasema kesho anamchukua kwenda Mbalizi.

Jumapili, 9 Machi

Nilitegemea Mama akatae. Najua ni aibu kusema hivyo, lakini nilitegemea.

Aliniita peke yangu. "Nakwenda na Frida. Si kwa hasira."

"Mama, nimekosa tena wapi?"

"Hujakosa. Ila tangu uniombe msamaha hujacheka humu ndani hata siku moja. Nikikohoa unaruka. Nikiacha kipande unaniangalia kama hakimu anasoma hukumu. Nilikusamehe siku ileile, wewe hukuamini, unaendelea kuniomba kwa vikombe vya maji. Mimi ni mgonjwa, nachoka." Akapumua. "Huko Frida atanifokea. Acha nifokewe kidogo."

Nilikuwa nimeona aibu miezi mitatu na kudhani aibu hiyo ni kumjali yeye.

Walimpakia kwenye gari la mchele. Nilimfungia mikate miwili. Frida aliipokea bila kuniangalia.

Ijumaa, 14 Machi

Nimefua nguo zetu tu. Nimemaliza saa tatu, nikakaa.

Jumapili, 30 Machi

Anord amelala mchana na Benedicta kifuani. Ameniambia Mama anawasalimu. Akasema "anawasalimu," sisi wote.

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua inakwenda mwishoni. Mahindi mabichi yapo kila nyumba.

Frida alipiga leo saa nne. Hajanipigia tangu siku ile. Hakunisalimu.

"Huo mkate unaumuaje? Wangu umegoma mara tatu. Mama ananicheka."

Nikamweleza kuhusu uji, maziwa kiasi gani, mpaka uwe mzito, uache upoe. Nikamsikia anamwambia mtu asogeze kitu. Halafu akaniita.

"Wifi."

"Abee, wifi."

"Hizi shuka."

"Ndiyo."

"Ni kila siku?"

"Kila siku. Siku nyingine mara nne."

Nyuma yake, kwa mbali, nilisikia soko, watu wanapigia bei, na karibu zaidi nikasikia maji yanakamuliwa kutoka kwenye nguo nzito, yanaanguka kwenye beseni. Hakusema nimekosa wala sijakosa. Nami sikujitetea, maana zamu ya kusema ilikuwa yake, si yangu.

Mwishowe akavuta pumzi.

"Haya," akasema. "Nieleze tena hapo kwenye uji, polepole. Mikono ina povu, siwezi kuandika."

Nikamweleza tena, polepole.